Maji Hayachori Maua

Fundi Walubengo hakuigusa kompyuta kwanza. Aligusa birika la chai.

Alilichukua birika la umeme kutoka meza ya pembeni, akalichomeka kwenye soketi ya kompyuta, akawasha, kisha akakunja mikono na kusubiri. Baada ya dakika mbili maji yakaanza kulia.

"Ukuta ni mzima," akasema.

Inspekta Perez Amolo akaandika kwenye daftari: soketi, nzima. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Jumanne, tarehe kumi na tisa Aprili 1994. Saa nane na nusu mchana karani wa ofisi hii, Agneta Nabututu, angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi. Perez ndiye aliyemkamata jana. Kilichobaki ni karatasi ya fundi ya kuambatanisha na faili. Mkuu wake kituoni, Bwana Opiyo, alikuwa amemwambia asubuhi, "Nenda na fundi, atie sahihi, urudi. Hiyo kesi imeiva."

Na ilionekana imeiva kweli. Chuo cha Uuguzi Tumaini Ziwani kilikuwa na kompyuta moja tu, na ndani yake mlikuwa na alama za mtihani wa mwisho za wanafunzi sitini na wawili, zilizotakiwa Nairobi Ijumaa. Karatasi za alama zilizoandikwa kwa mkono zilichomwa Ijumaa iliyopita kwa amri ya Mkuu wa Chuo, Bwana Gordon Oketch, aliyesema chuo chake kimeagana na makaratasi. Jumatatu asubuhi mashine haikuwaka. Ilinuka kama plastiki iliyoungua, na juu ya kasha lake palikuwa na doa jekundu. Agneta alikuwa na ufunguo wa ofisi. Tena alikuwa na mpwa wake chuoni, Jentrix, ambaye kila mtu alijua ameanguka mtihani.

Oketch alisimama mlangoni, tai imekaa sawasawa, mikono nyuma.

"Nyaminwa," akamwambia Perez, yaani dada yetu, kisha akaendelea kwa Kijaluo: fundi huyu anapoteza wakati, mwambie aandike tu amalize.

Walubengo alikuwa amepiga magoti chini ya meza. "Mimi hiyo sisikii," akasema bila kugeuka. "Kama ni juu yangu, semeni kwa lugha yangu ama ya serikali."

"Nilisema chai iko tayari," Oketch akajibu kwa Kiswahili.

"Chai ya kupimia soketi siinywi."

Perez alishusha macho kwenye daftari. Jana, katika chumba hiki hiki, yeye na Oketch walizungumza Kijaluo kwa dakika ishirini, Agneta akiwa amesimama kati yao na kabati la mafaili. Agneta alikuwa mtu wa Bungoma, hakuelewa hata neno. Perez alipomgeukia hatimaye kwa Kiswahili, alimwambia achukue sweta yake.

Walubengo alifungua plagi, akatoa fyuzi, akatia nyingine kutoka mfukoni. Akabonyeza swichi. Kimya. Akachomoa waya wa printa, akautumia kwenye kompyuta. Kimya tena.

"Taa ya kijani haiwaki. Feni haizunguki. Soketi iko sawa, fyuzi iko sawa, waya uko sawa. Basi ugonjwa uko tumboni."

"Si ndivyo nilivyosema tangu jana?" alisema Oketch. "Alimwagia soda. Doa si hilo hapo?"

Walubengo akakilamba kidole chake cha shahada, akakipitisha juu ya doa, akakibana kwa kidole gumba na kuviachanisha mara mbili tatu.

"Hainati."

"Imekauka."

"Soda ikikauka ndiyo inanata zaidi, Mwalimu. Uliza mtu yeyote mwenye watoto."

Perez alikuwa na watoto wanne. Kwenye taarifa yake ya jana aliandika: kimiminika chekundu, yaelekea soda. Hakuwa amekigusa.

Walubengo aliiinua mashine, akaisogeza dirishani, akainamisha kasha mpaka mwanga wa jua ukalala juu yake. "Madam, njoo usimame hapa. Si hapo. Hapa."

Perez akasimama alipoonyeshwa. Kutoka upande ule doa halikuwa doa moja. Yalikuwa madoa mengi ya ukubwa mmoja, yamepangwa safu kwa safu, na kila moja lilikuwa na ncha sita.

"Hayo ni nini?" akauliza fundi.

"Maua," Perez akasema.

"Sasa mimi nimetengeneza mashine miaka tisa. Nimeona zimemwagiwa chai, uji, hata mchuzi wa omena. Maji yakimwagika yanakimbia yanakotaka. Maji hayachori maua." Akajipangusa mikono. "Juu ya hii kitu kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu," alisema Oketch haraka.

Perez alikwenda kwenye meza ya karani, akavuta droo ya chini, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Katika nyumba yoyote ya heshima, kuanzia Kombewa mpaka Pap Onditi, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyao, na televisheni, kwa wenye nayo, huvalishwa kama bibi harusi. Kompyuta ilipofika chuoni mwezi wa kwanza, akina mama wa kanisa waliifumia vazi la uzi wa pamba, jeupe, lenye maua mekundu. Wageni waliliona kabla ya kuiona mashine yenyewe.

"Kilikuwa wapi hiki?" Walubengo akauliza.

"Juu yake. Nilikitoa jana nilipofika. Nikakikunja."

"Kabla ya kuandika ama baada ya kuandika?"

"Kabla."

"Kwa hivyo kwenye karatasi yako hakuna kitambaa."

"Hakuna."

Alikuwa amekiondoa kama mtu anavyoondoa vyombo mezani kabla ya kuanza kazi. Alihisi kilikuwa kigumu, kimekakamaa kama nguo iliyoanikwa juu ya jiko, na pindo moja lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Alikinyoosha kwa kiganja, akakikunja, akakiweka mahali pake. Miaka kumi na minne kazini.

Walubengo alikikunjua juu ya kasha. Maua mekundu yakakaa juu ya madoa mekundu, ncha juu ya ncha. Kisha akakivuta chini, na kitambaa kikaikumbata mashine pande zote, mbele, nyuma na ubavuni, kikajibana chini kabisa. Hakuna tundu la hewa lililobaki wazi. Fundi akaliinua pindo, akalivuta, likarudi kwa nguvu.

"Nani alitia mpira hapa chini?"

"Ni mimi," alisema Perez. "Tulipokifuma kanisani. Kwa sababu ya vumbi. Na wadudu."

Walubengo aliitazama mishono. "Umeshona vizuri," akasema, na hakuonekana kuwa anatania.

Oketch akakohoa. "Inspekta, kitambaa ni kitambaa. Hata chako hakiwezi kuua mashine."

"Wacha tuulize mashine," alisema fundi.

Alitoa bisibisi, akafungua skrubu tano, akazipanga kwenye kisahani cha kikombe, akalivuta kasha. Harufu ikatoka kwanza. Walubengo alimulika ndani kwa tochi, akarudi nyuma ili Perez aone.

Feni ilikuwa haionekani. Mahali pake palikuwa na zulia la kijivu, nene kama kidole, lililoshikana. Walubengo akalichokonoa kwa ncha ya bisibisi na kipande kikaanguka mezani. Yalikuwa mabawa. Maelfu ya mabawa madogo, miguu na vumbi. Sam, wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi majira ya mvua na kujaa kwenye kila taa ya Kisumu. Mtoto yeyote wa pwani ile anajua kufunga dirisha wakija.

"Hawa si wa wiki hii," alisema fundi. "Hawa wamevutwa ndani tangu mvua ianze. Mashine ilikuwa ikipumua kwa shida, lakini ilipumua. Halafu ikafunikwa ikiwa inafanya kazi. Ona." Akaisukuma feni kwa kidole. Haikutikisika. "Sam waliiziba pua, kitambaa kikaiziba mdomo. Joto likakosa pa kwenda. Hiki kisanduku cha umeme ndicho kilichoungua. Hakuna soda. Hakuna waya uliokatwa. Hakuna mkono wa mtu humu ndani."

"Ingechukua muda gani?"

"Si saa moja. Siku nzima. Pengine zaidi."

"Basi," alisema Oketch, na sauti yake ikapata nguvu, "ni uzembe. Ijumaa jioni aliacha mashine inawaka, akaifunika, akaenda zake. Kama si makusudi ni uzembe, na uzembe pia umeua alama za watoto wa watu."

Neno hilo lilikuwa na uzito. Perez aliliandika. Lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya ua moja jekundu.

"Bwana Oketch, nyumbani kwako nani anafua?"

"Mke wangu. Swali gani hilo?"

"Rangi ya pamba haihami ikiwa kavu. Unaweza kulalia shati jekundu mwaka mzima na shuka likabaki jeupe. Huhama ikiwa imeloa." Akalifunga daftari. "Kitambaa hiki kilivalishwa mashine kikiwa kibichi. Nataka kujua kwa nini kilikuwa kibichi."

Alitoka nje.

Wepukhulu, mlinzi wa lango, alikuwa akifagia lundo la sam chini ya taa, lundo la kujaza karai. Alipomwona Perez aliegemeza ufagio kwenye nguzo na kuvua kofia. Jana Perez alimpita mara mbili, kuingia na kutoka. Mara ya pili alikuwa na Agneta.

"Mzee, nina maswali."

"Mimi, mama? Mimi si mtu wa kuulizwa. Mtu wa kuulizwa ni yule wa tai."

"Leo ninakuuliza wewe. Kile kitambaa cha maua cha kompyuta. Ulikiona wapi mara ya mwisho?"

"Kwa kamba," alisema Wepukhulu, akionyesha kamba ya kuanikia iliyofungwa kutoka tangi la maji mpaka mti wa mpera. "Agneta alikifua Ijumaa saa kumi. Sam walikuwa wamekichafua. Aliniambia, mzee, kitalala hapo, nitakitoa Jumatatu."

"Kwa hivyo alipokwenda nyumbani kitambaa kilikuwa nje."

"Nje kabisa. Na usiku mvua ikakipiga."

"Nani alikitoa kwenye kamba?"

Wepukhulu aliigeuza kofia mkononi. "Mama, nina miaka mitatu tu nistaafu."

"Najua."

"Unajua lakini utaenda zako." Akatazama upande wa ofisi, kisha akaitazama kamba. "Mimi ndiye nilikitoa. Jumamosi, karibu saa sita. Mkubwa alisimama hapo mlangoni, akasema, Wepukhulu, lete hicho kitambaa, huyu msichana ameacha mashine uchi. Nikamwambia bado kinatona. Akasema kitakaukia ndani."

"Mkubwa gani?"

"Kwani hapa tuna wangapi?"

Perez aliandika. "Kwenye kitabu chako cha lango, Jumamosi, jina lake halimo. Nililetewa ofisini jana."

"Unamwandikaje mwenye lango? Wageni ndio huandikwa." Akasita. "Na kuna kitu kingine, sijui kama kina maana. Jumamosi usiku nilikuwa nikipita kwa dirisha nasikia mlio mle ndani, kama nyuki wamo kwenye mzinga. Jumapili asubuhi walikuwa bado. Jioni wakanyamaza, kukaja harufu. Nilidhani majirani wanachoma takataka."

"Kwa nini hukusema jana?"

Wepukhulu alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Ulisimama wapi, mama, nikuambie?"

Aliporudi ofisini, Walubengo alikuwa ameshafunga kisanduku kingine cha umeme, kikuukuu, alichokuja nacho kwenye kikapu pamoja na koti la mvua. Feni yake ilipiga kelele kama posho mili ya kusaga mahindi, lakini taa ya kijani iliwaka. Oketch alikuwa ameketi kwenye kiti cha karani.

"Sijui kama diski imepona," alisema fundi. "Madam, kama unasali, sali sasa."

Skrini ilibaki nyeusi. Kisha mstari mmoja mweupe ukaruka, na mwingine, na Walubengo akaanza kuandika kwa vidole viwili. Orodha ya mafaili ikashuka.

"ALAMA," akasoma. Akalifungua. Majina yakajitokeza, moja chini ya jingine, na Perez akayahesabu kwa ncha ya kalamu mpaka sitini na mbili. Jentrix alikuwa wa arobaini na tano kwenye orodha. Alama yake ilikuwa thelathini na nane. Tarehe ya faili: Alhamisi iliyopita.

"Nani alichapa hizi?"

"Agneta," alisema Oketch polepole. "Hakuna mwingine anayechapa."

"Kwa hivyo alichapa kwamba mpwa wake ameanguka. Na hakubadilisha kitu."



"Bwana Walubengo, mashine inaandika tarehe ya kila faili?"

"Na saa. Haisahau."

"Faili la mwisho ni lipi?"

Fundi akapeleka kidole kwenye skrini. "HOTUBA. Jumamosi, tarehe kumi na sita. Saa tano na dakika hamsini na mbili."

Juzi, Jumapili, kanisani ilikuwa siku ya elimu. Gordon Oketch alipanda mimbarini na kusema kwa nusu saa juu ya karne mpya, juu ya mashine ambazo wauguzi wa kesho watazifahamu kama sindano, na jinsi chuo chake kilivyotangulia wengine wote wa pwani hii ya ziwa. Aliisoma hotuba kwenye karatasi ndefu iliyoshikana, yenye vitundu kandokando, ikining'inia mpaka chini. Perez alikaa safu ya tatu. Alipiga makofi. Printa yenye karatasi za namna ile ilikuwa hapa mezani, na jana ilikuwa hapa mezani.

"Kwenye taarifa yako," alisema Perez, "umesema hukukanyaga ofisi hii tangu Ijumaa mchana mpaka Jumatatu."

"Nyaminwa," Oketch akaanza, akaendelea kwa Kijaluo, sauti ya chini, ya watu wa nyumba moja.

Perez alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa Kiswahili, Bwana Oketch. Fundi ni shahidi."

Walubengo alijishughulisha na skrubu zake.

"Niliizima," alisema Oketch. "Naapa niliizima. Nilibonyeza, skrini ikawa nyeusi."

"Ulibonyeza wapi?"

Akaonyesha. Kilikuwa kitufe cha skrini.

"Hicho kinazima kioo peke yake," alisema Walubengo kwa upole. "Ni kama kufumba macho. Moyo unaendelea kupiga. Swichi yenyewe ni hii ya ubavuni."

"Hakuna mtu aliyenifundisha."

"Agneta anajua," alisema Perez. "Ungemuuliza."

"Nimuulize karani wangu jinsi ya kuzima mashine ambayo mimi ndiye niliyeinunua? Wakati nahubiri kompyuta mji mzima?" Alikuwa amelegeza tai bila kujua. "Jumatatu nilipoona haiwaki, nilidhani watu watasema. Kisha nikaliona doa. Nilidhani kweli ni soda, Inspekta. Nilitaka iwe soda. Na wewe hukuuliza kama nina ufunguo mwingine."

"Sikuuliza," alisema Perez.

Akararua karatasi ya taarifa ya fundi iliyokuwa imeandaliwa, akaanza nyingine. Walubengo aliisoma neno kwa neno, akatia sahihi.

"Saa saba kamili uwe kituoni," Perez akamwambia Oketch. "Utasema mbele ya Agneta yale uliyosema hapa. Kwa lugha anayoisikia."

Kituoni, Bwana Opiyo aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani. "Andika kwamba ushahidi hautoshi. Inatosha. Hakuna haja ya kuwaanika watu wetu."

"Ndiyo, afande," alisema Perez. Akaenda kaunta.

Agneta Nabututu aliletwa akiwa ameikumbatia sweta yake kifuani kwa mikono miwili, sivyo mtu anavyobeba nguo. Jana saa kumi, ndani ya Landrova, aliikumbata hivyo hivyo. Alisema, "Madam, nina mtoto wa miezi mitano nyumbani, hajazoea chupa." Blauzi yake ilikuwa imeloa pande zote mbili. Perez aliona. Alimjibu, "Nyote mkikamatwa mna watoto," kisha akatazama nje, upande wa ziwa, mpaka walipofika.

Oketch alikuja bila tai. Alisema yote, kwa Kiswahili, macho kwenye kalenda ya ukutani. Yalimchukua dakika tatu. Alipomaliza alingoja. Agneta alimgeukia Perez.

"Na alama za watoto?"

"Zipo."

"Wote sitini na wawili?"

"Wote. Nimehesabu."

"Ya Jentrix umeiona?"

"Thelathini na nane."

"Najua. Mimi ndiye niliyeichapa." Akavuta saa yake na mkanda kutoka kwenye bahasha ya kaunta. "Umeandika nini hapo?"

Perez aligeuza kitabu cha matukio ili asome. Ameachiliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

"Hiyo ni kusema nilifanya lakini hamkuona."

Konstebo wa kaunta akajifanya anatafuta kalamu. Mlango wa Bwana Opiyo ulikuwa wazi. Perez akakata mstari ule kwa rula, akaandika chini yake: Hakufanya. Afisa hakuuliza. Akatia sahihi, na namba yake ya kazi.

"Gari liko nje," akasema. "Nitakupeleka nyumbani Nyalenda sasa hivi."

"Sitaki gari lenu." Agneta alivaa mkanda. "Mimi jana nilipitishwa katikati ya ploti, wewe ukiwa umenishika hapa." Akaugusa mkono wake juu ya kiwiko. Walikuwa wamepita kwake jana kupekua, kabla ya kumleta kituoni. Mtoto alikuwa amelala, mikononi mwa jirani. "Wote waliniona nikipanda. Nikishuka tena kwenye gari hilo watasema nimeletwa kuchukua blanketi. Nitatembea."

"Nitatembea na wewe."

"Tembea. Barabara ni ya serikali."

Walikwenda, Agneta mbele kwa hatua tatu, haraka, jua la saa saba na nusu juu ya vichwa vyao. Sam wa usiku walikuwa wamekauka kandokando ya njia wakawa unga. Kila Perez alipojaribu kumfikia, hatua zile tatu zilibaki tatu.

Ploti ilikuwa na milango kumi na miwili na mfereji mmoja. Wanawake sita au saba walikuwa kwenye foleni ya maji. Mazungumzo yakakatika. Sauti ya mtoto ilisikika kabla hawajafika mlango wa nne. Haikuwa ya kulia, ilikuwa ile ya kukoroma ya mtoto aliyelia mpaka sauti ikaisha. Agneta alianza kukimbia, akaingia, mlango ukafungwa. Sauti ikakatika ghafla, kama imezibwa.

Perez alibaki katikati ya ua. Hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyempa kiti. Mwanamke mnene mwenye leso ya manjano aliufunga mfereji ili maji yasipige kelele, akaweka mikono kiunoni.

Perez aliitoa kadi yake ya kazi, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Mimi ndiye niliyemchukua mama huyu jana," akasema. "Hakuharibu kitu chochote. Nilikosea."

Mahali fulani sufuria iligonga jiwe.

"Sema tena," alisema mwanamke wa leso ya manjano. "Jana ulipaza sauti. Wa huku nyuma hawajasikia."

Perez akageuka, akawaelekea wa huku nyuma, akasema tena.